Jumba la Majani, Tirana: nyumba ya uzazi iliyogeuzwa sikio la dola

Bibi wa Kialbania ninayemtunza hapa Bari, Italia, ana tabia moja iliyonisumbua kwa muda wa miaka miwili ya mwanzo. Kila anapotaka kunieleza jambo la maana, liwe la daktari, la fedha au la mwanawe, huinuka kwanza, akajikongoja hadi jikoni, akafungua bomba, kisha ndipo huanza kusema kwa sauti ya chini huku maji yakimwagika bure kwenye sinki. Mimi nimekulia Unguja, katika mtaa ambao maji yalitoka kwa zamu na ndoo zikipangwa foleni tangu alfajiri, kwa hiyo nilikuwa nikilifunga bomba lile kwa hasira, naye akilifungua tena bila kunijibu. Sababu yake niliijua mwezi Oktoba, nilipopanda meli ya usiku kutoka Bari hadi Durrës, bandari ya Albania, nikachukua basi hadi Tirana, mji mkuu, nikaingia katika makumbusho ambayo Waalbania huyaita Shtëpia e Gjetheve, yaani Jumba la Majani. Jina lake rasmi ni Makumbusho ya Taifa ya Upelelezi wa Siri. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili walioko Italia na kwingineko Ulaya, ambao safari ya Albania kwao ni ya usiku mmoja tu baharini, na ambao huenda hawajapata kusikia habari za nyumba hii.

Jumba lenyewe liko katikati ya mji, karibu kabisa na kanisa kuu jipya la Waorthodoksi, ndani ya ua wenye miti, na mimea itambaayo imefunika kuta zake. Ndiyo asili ya jina. Lilijengwa mwaka 1931 na daktari Jani Basho likiwa kliniki ya uzazi. Wajerumani walipoitwaa Albania mwaka 1943 baada ya Waitalia kusalimu amri, Gestapo, polisi wao wa siri, waliingia humo. Vita vilipokwisha, Wakomunisti wa Enver Hoxha wakashika nchi, na jumba likawa mali ya Sigurimi, idara yao ya usalama, iliyolitumia kwa kazi ya kunasa na kusikiliza mazungumzo ya watu hadi utawala ule ulipoanguka mwaka 1991. Kwa hiyo nyumba iliyojengwa ili wakunga wasikilize mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, ikaja kutumiwa kusikiliza maneno ya mama yake. Lilifunguliwa kama makumbusho mwezi Mei 2017, na mwaka 2020 likapewa Tuzo ya Makumbusho ya Baraza la Ulaya.

Niseme mapema kosa nililolifanya, ili mwenzangu asilirudie. Siku ya kwanza niliingia pamoja na kundi la watalii lililoletwa na kampuni moja ya kutembeza wageni ambayo sitaitaja. Kijana aliyetuongoza alitupitisha vyumba vyote kwa dakika 35, akituonesha mashine moja baada ya nyingine kana kwamba tuko katika duka la vifaa vya umeme, na alipoulizwa na mama mmoja wa Kifaransa ni watu gani hasa waliokuwa wakisikilizwa, alijibu kwamba ni maadui wa serikali, kisha akatazama saa yake. Nilitoka nikiwa na uchungu. Kesho yake nilirudi peke yangu, nikalipa kiingilio upya, nikakaa saa tatu, na hayo ninayoyaeleza hapa ni ya siku hiyo ya pili.

Vyumba si vikubwa. Vingi vimebaki na ukubwa wa nyumba ya kukaa watu, na hilo linasaidia, kwa sababu mtu hatembei kwenye ukumbi wa maonesho bali kwenye korido zinazofanana na za jamaa yake. Maandishi yameandikwa kwa Kialbania na Kiingereza. Kuna mashine za kurekodi zenye magurudumu ya utepe, kuna kamera, kuna simu, na kuna maikrofoni ndogo ambazo Waalbania waliziita çimka, maana yake kunguni. Niliposoma neno hilo nilisimama. Sisi tuna methali isemayo kikulacho ki nguoni mwako, na sikupata kuiona imetimia waziwazi kama mle ndani. Kulikuwa na kipande cha ubao kilichotobolewa kwa ufundi mkubwa, shimo lake likiwa na ukubwa wa kutosha kufukia kifaa, na upande wa nje umelainishwa ili mwenye kabati asitambue kitu. Nilikitazama kwa muda mrefu. Kazi ile ilifanywa na seremala hodari, mtu aliyejua kupiga randa na kuunga mbao, na bila shaka jioni alirudi nyumbani kula na watoto wake.

Hapo ndipo nilipoelewa habari ya bomba. Kifaa cha namna ile hakichagui sauti. Kinanasa kila kinachosikika chumbani, na maji yanayomwagika kwenye sinki huyafunika maneno. Bibi yangu hana wazimu wala hana kiburi cha uzee. Aliishi zaidi ya miaka 40 katika nchi ambayo mtu mwenye busara hakusema jambo la nyumba yake bila kwanza kuupa ukuta kelele nyingine ya kusikiliza. Nilikaa kwenye benchi la uani nikimlilia na kujuta kwa kila mara niliyolifunga bomba lile mbele ya macho yake.

Chumba kilichonigusa kuliko vyote ni sebule iliyopangwa kama ya familia ya kawaida ya zama zile. Hakina mashine ya kutisha ndani yake: ni samani za kawaida, za watu wa kipato cha kawaida. Mgeni anakaribishwa ndani kama anavyokaribishwa kwa shangazi, halafu inamlazimu afikiri mwenyewe kifaa kiko wapi. Ninawasifu sana waliokibuni chumba hiki, kwa sababu wameelewa kwamba ubaya wa utawala ule haukukaa gerezani tu. Bibi alinieleza kwamba jirani yake alikuwa na antena ya kujitengenezea, iliyofichwa, ya kunasia televisheni ya Italia, na kwamba Kiitaliano anachozungumza nami leo alikijifunzia hapo, sauti ikiwa chini kabisa na mtoto mmoja akiwekwa mlangoni. Wakomunisti walipiga marufuku dini zote mwaka 1967. Mama yake Bibi aliendelea kufunga Ramadhani kwa siri, akiwaambia wenzake kiwandani kwamba tumbo linamsumbua, na kila mwaka tumbo hilo lilimsumbua mwezi uleule, hata akaanza kuogopa kwamba kuna atakayehesabu.

Sisi wa Unguja tuliokua tukiwasikia wazee wakishusha sauti kila walipofikia habari za miaka iliyofuata 1964, hatuhitaji kuelezwa mengi kuhusu sebule hiyo.

Wasomaji wa makamo walioko Tanzania huenda wanalikumbuka jina la Albania kwa sababu nyingine. Tarehe 25 Oktoba 1971, Umoja wa Mataifa ulipopiga kura ya kuipa China ya Beijing kiti chake, azimio lile liliitwa la Albania, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliunga mkono kwa bidii, ikiwakilishwa na Salim Ahmed Salim. Wengi waliiona Albania siku hiyo kuwa nchi ndogo yenye ujasiri. Makumbusho haya yanaonesha upande ambao wajumbe waliokaa ukumbini New York hawakuoneshwa.

Sasa nije kwenye jambo ninalotaka hasa kulisema. Jumba la Majani linaeleza vizuri sana wasikilizaji walifanyaje kazi: vifaa vyao, taratibu zao, faili zao, mitandao yao ya watoa habari. Mgeni anayeingia bila kumjua hata Mwalbania mmoja anaweza kutoka akiwa anaijua mashine kuliko anavyomjua mtu aliyesikilizwa. Silitaji hili kama kosa la makumbusho, kwa sababu kazi waliyojipa ni kueleza upelelezi, na wameifanya. Lakini ninamshauri kila mgeni aingie akiwa na maisha ya mtu mmoja kichwani, ayapitishe chumba kwa chumba. Bibi ndiye aliyenipa mtu wa kwenda naye. Aliniambia, huku maji yakimwagika, “Binti yangu, kabla hujaingia mle, msome Musine.”

Musine Kokalari alizaliwa tarehe 10 Februari 1917 huko Adana, Uturuki, na familia yake ikarudi Albania akiwa mtoto mdogo, ikakaa Gjirokastër, mji wa mawe wa kusini. Mji huohuo ndiko alikozaliwa Enver Hoxha mwaka 1908. Waliamkia milima ileile na kutembea kwenye vichochoro vilevile vya mteremko. Musine alikuwa akisoma chuo kikuu Roma wakati majeshi ya Italia yalipoivamia nchi yake tarehe 7 Aprili 1939, kwa hiyo alisomea fasihi katika mji mkuu wa waliokalia kwao. Mwaka 1941 alichapisha kitabu chake cha kwanza, mkusanyo wa hadithi zilizoandikwa kama anavyozungumza bibi wa Gjirokastër, kwa lahaja ya huko, zenye malalamiko na mizaha ya wanawake wa nyumbani. Anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Albania kuchapisha kazi ya fasihi. Kwa msomaji wa Kiswahili hili si jambo geni: ni binti aliyesoma ng'ambo na badala ya kuionea haya lugha ya bibi yake, akaifanya iwe ya kitabuni.

Vita vikiendelea, mwaka 1943 alishiriki kuanzisha chama cha Kisoshalisti cha kidemokrasia. Hakuwapenda Mafashisti, wala hakuamini kwamba dawa yao ni chama kimoja kitakachomiliki kila kitu. Mwezi Novemba 1944, Wajerumani walipokuwa wakiondoka na Wakomunisti wakiingia Tirana, kaka zake wawili, Muntaz na Vesim, walipigwa risasi bila kesi. Yeye mwenyewe alikamatwa kwa muda mfupi, akaachiwa, akarudi kwenye siasa. Kulipotangazwa uchaguzi wa Desemba 1945, ambao chama tawala peke yake ndicho kilichokuwa na nafasi ya kushinda, alijiunga na wengine kuwaomba wawakilishi wa mataifa washirika wasaidie uahirishwe. Tarehe 23 Januari 1946 alikamatwa tena. Kesi ilifanyika hadharani mbele ya umati, na ipo picha yake akiwa amesimama kizimbani, kichwani amejifunika kitambaa cheusi cha msiba, uso umetulia. Aliiambia mahakama kwamba si lazima awe mkomunisti ili aipende nchi yake. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Zaidi ya miaka 15 aliikaa katika gereza la Burrel, kaskazini, gereza ambalo Waalbania hata leo hulitaja kwa sauti iliyobadilika. Alipotoka hakuruhusiwa kurudi Tirana wala Gjirokastër. Alihamishiwa Rrëshen, mji mdogo wa milimani, akafanyishwa kazi ya vibarua kwenye ujenzi, mwanamke mwenye shahada ya Roma akichanganya chokaa na kubeba matofali. Hakuruhusiwa kuchapisha neno. Hata hivyo aliandika kwa siri kumbukumbu za chama chake na za kesi, akizificha. Alipougua saratani alinyimwa kitanda katika hospitali iliyoweza kumtibu, akafa tarehe 13 Agosti 1983, peke yake. Mwaka 1993, miaka miwili baada ya utawala ule kuanguka, alitangazwa shahidi wa demokrasia.

Nilimchukua mama huyu nikazunguka naye vyumbani, na kila kitu kikabadilika. Mashine ya kurekodi haikuwa tena kifaa cha kale chenye vumbi; ilikuwa kitu kilichotengenezwa ili mtu kama yeye, aliyeipenda sauti ya wanawake wazee hata akaiandika, asiweze tena kumsikiliza mwanamke mzee yeyote bila kuogopa. Nilifikiri juu ya wale wa Rrëshen waliokuwa majirani zake. Wapo walioamriwa kuandika kila aliposimama na kila aliyemsalimu, na wapo, ninaamini, waliopita upande wa pili wa barabara kwa huruma, wakijua kwamba salamu yao itamwongezea ukurasa kwenye faili. Nilipofika mahali panapohusu waliouawa nilipata taabu kuendelea kusoma. Zaidi ya watu 5,000 waliuawa kwa sababu za kisiasa katika nchi ambayo hata mwishoni mwa utawala ule haikuwa na watu wengi kuzidi milioni tatu na ushei, na juu ya hao wako maelfu kwa maelfu waliofungwa, na familia nzima zilizopelekwa vijijini kwa kosa la mjomba au la shemeji.

Kwa upande wa huduma sina lalamiko. Wafanyakazi wa mlangoni walinipokea kwa adabu, na mmoja wao, mama wa umri wa kuniita mwanawe, aliponiona nimekaa sana uani alinijia akaniuliza kama ninaumwa, akaniletea maji ya kunywa. Ni vizuri kwenda asubuhi, kabla makundi ya watalii hayajafika, kwa sababu vyumba vidogo vikijaa watu mtu hawezi kusoma kwa utulivu, na makumbusho haya ni ya kusoma zaidi kuliko ya kutazama. Asiyejua Kialbania wala Kiingereza aende na mtu wa kumsomea. Watoto wadogo wabaki nje na mzazi mmoja. Wale wa sekondari waingie, tena waulizwe maswali wakitoka.

Kwa Mwislamu, ninashauri atoke hapo aende kwa miguu hadi uwanja wa Skanderbeg, kwenye msikiti wa Et'hem Bey, aswali adhuhuri. Msikiti huo ulifungwa miaka yote ya marufuku. Tarehe 18 Januari 1991, Wakomunisti wakiwa bado madarakani, watu wapatao 10,000 waliingia bila kibali, na askari hawakuwazuia. Mimi niliswali karibu na ukuta uliochorwa miti na maporomoko ya maji, michoro ambayo sijaiona katika msikiti wowote wa kwetu, na nilipotoa salamu nilibaki nimekaa nikimfikiria yule mama wa kiwandani na tumbo lake la kila Ramadhani.

Nilirudi Bari kwa meli, bandari ileile ambayo tarehe 8 Agosti 1991 meli iitwayo Vlora iliingia ikiwa imebeba Waalbania wapatao 20,000, wengine wakining'inia kwenye kamba. Bibi hakuja na meli hiyo. Mwanawe ndiye aliyekuja, akamleta mama yake baadaye. Nilimwonesha kadi niliyomnunulia yenye picha ya jumba. Aliitazama bila kuigusa, akasema kwamba alipokuwa msichana alipita mbele ya ua ule kila siku akienda kazini, kwa upande wa pili wa barabara, macho chini, na hakuwahi kujua kwamba majani yale ni mabichi hata wakati wa baridi. Akaniuliza kama wageni wanalipa kuingia. Nikamwambia ndiyo, wanalipa. Alikaa kimya kidogo, kisha akajikongoja kuelekea jikoni, nami nikamtangulia nikamfungulia bomba.